KUVUKA SI KUVUJA: HISTORIA YA VIJENZI VYA SELI YA METHANOLI NA MAFUNZO YAKE KWA WAUNDAJI WA ISTILAHI

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa njia ya historia jinsi usanifu wa vijenzi vya seli ya fueli itumiayo methanoli ulivyoathiri utendaji wake, na mafunzo yapatikanayo humo kwa mtu mwenye kazi ya kuunda au kutafsiri istilahi. Yamkini msomaji atauliza: mfasiri na mwalimu wa lugha wana haja gani na mtambo wa kuzalisha umeme? Jibu letu ni kwamba jina la kijenzi ni maelezo mafupi ya kazi yake. Jina likisema uongo juu ya kazi hiyo, fundi atakayelitegemea atatafuta kosa mahali ambapo halipo. Katika seli ya methanoli tofauti kati ya kweli na uongo huo huweza kuwa herufi moja tu, kama itakavyodhihirika.

1. Kutoka betri ya gesi hadi seli ya fueli

Mwaka 1839 William Robert Grove, mwanasheria mzaliwa wa Wales aliyekuwa pia mwanasayansi, alionyesha kwamba haidrojeni na oksijeni zaweza kuungana na kutoa umeme bila ya kuwashwa moto. Christian Friedrich Schönbein, aliyekuwa akifundisha Basel, naye alikuwa akichunguza jambo hilo hilo wakati ule ule. Grove alitumia vipande vya platini vilivyotumbukizwa nusu katika asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa kwa maji, kimoja kikizungukwa na haidrojeni na kingine oksijeni. Mwaka 1842 alieleza chombo kilichokamilika zaidi, akakiita betri ya gesi.

Tangu siku hizo Grove alitambua jambo ambalo limetawala usanifu wote uliofuata: kazi haitendeki popote katika chombo, bali pale tu gesi, kimiminiko na metali vikutanapo. Kipande cha platini kilichozama chote hakina faida, na kilicho kikavu chote hakina faida vile vile. Mwaka 1889 Ludwig Mond na Carl Langer walijaribu kupanua mahali hapo pa kukutania. Asidi hawakuiacha ijimwage ndani ya chombo, bali waliinywesha katika kitu chenye vinyweleo, na juu yake wakaweka bamba jembamba la platini lenye matundu, lililopakwa unga mweusi wa platini. Hata hivyo wao nao walikiita chombo chao aina mpya ya betri ya gesi.

Jina hilo lilikuja kuachwa, na kwa haki. Betri hubeba chakula chake tumboni. Kikiisha, hutupwa au huchajiwa upya kwa umeme. Seli ya fueli hulishwa kutoka nje kama jiko: maadamu kuni zinaendelea kutiwa, moto hauzimiki. Mtu aliyeambiwa kwamba chombo hiki ni betri atatafuta mahali pa kuchomeka waya wa kuchajia, wala hatapaona.

Ama kuhusu neno fueli, wako wapendao kusema mafuta, na wako wasemao nishati. Nishati ni uwezo wa kutenda kazi. Methanoli ni kitu kinachobeba uwezo huo, na mbebaji si mzigo. Mafuta nayo ni neno lenye hatari zaidi, kwa kuwa humfanya msomaji afikirie petroli au dizeli. Tone la petroli likiingia katika tangi la methanoli laweza kukiharibu kichocheo. Kwa sababu hizo twaona fueli ni neno la kufaa, ijapokuwa ni la kukopa.

2. Kwa nini methanoli

Haidrojeni ni fueli njema, lakini ni gesi nyepesi mno. Kuihifadhi kwahitaji mitungi ya shinikizo kubwa au baridi kali sana. Methanoli ni kimiminiko katika joto la kawaida, na huchemka kwenye nyuzi 65 za Selsiasi. Lita moja ina nishati ya zaidi ya kilowati-saa 4. Zaidi ya hayo, molekuli yake ina atomi moja tu ya kaboni, na hivyo hapana kifungo cha kaboni kwa kaboni cha kuvunjwa kama ilivyo katika ethanoli.

Katika seli itumiayo methanoli moja kwa moja, kila molekuli ya methanoli huungana na molekuli moja ya maji kwenye anodi, zikatoa molekuli moja ya kabonidioksidi, protoni sita na elektroni sita. Elektroni hupita katika waya na kufanya kazi. Protoni hupita ndani ya seli. Zote hukutana na oksijeni kwenye kathodi, na hapo maji hupatikana. Kwa hesabu za kemia seli hiyo yapasa kutoa volti 1.21. Kwa vitendo, seli moja inapofanya kazi hutoa takriban volti 0.3 hadi 0.5. Historia ya seli ya methanoli ni historia ya kuzitafuta volti zilizopotea, na ya kugundua ni kijenzi kipi kilichozila.

Kabla ya kuendelea, jina la fueli yenyewe lastahili tahadhari. Methanoli haionekani tofauti na pombe kali, na harufu yake yafanana nayo. Lakini mwilini hugeuka sumu inayopofusha macho na kuua. Mwezi wa Novemba 2000, mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Kwa hiyo mfasiri wa maandishi ya kwenye chombo cha fueli asitosheke na neno alkoholi, wala spiriti, wala pombe ya kuni. Aandike methanoli, na neno sumu lifuate papo hapo.

3. Kichocheo: aliyekalia kiti

Kijenzi cha kwanza kulaumiwa kilikuwa kichocheo cha anodi. Neno hili tumelipata bila ya kukopa, na ni zuri: mwenye kuchochea moto haongezi kuni, bali huziweka mahali pa kuungua. Platini huipokea molekuli ya methanoli na kuipokonya haidrojeni yake hatua kwa hatua. Tatizo hutokea mwishoni, kwani hubakia kabonimonoksidi, ambayo hung'ang'ania uso wa platini na kuikatalia nafasi molekuli nyingine. Ili iondoke, yahitaji oksijeni kutoka katika maji, na platini peke yake haiwezi kuyavunja maji hayo ila kwa gharama kubwa ya volti.

Katika miaka ya 1960 watafiti wa Ulaya na Marekani, wakiwamo wale wa kampuni ya Shell nchini Uingereza, waliona kwamba platini ikichanganywa na rutheni mkondo wa umeme huongezeka sana. Mwaka 1975 Masahiro Watanabe na Satoshi Motoo wa Japani walieleza sababu yake: metali hizo mbili hugawana kazi. Platini huishughulikia methanoli. Rutheni huyavunja maji kwa gharama ndogo zaidi, kisha humpa jirani yake oksijeni ya kumwondolea mkaidi aliyekalia kiti. Hivyo atomi za metali mbili hazina budi kukaa bega kwa bega. Rundo la platini likiwa upande mmoja na rundo la rutheni upande mwingine, faida hupotea, hata kama vipimo vya metali ni vile vile.

Katika lugha nyingi za Ulaya hali hiyo ya kabonimonoksidi kung'ang'ania huelezwa kwa neno lenye maana ya kutiliwa sumu. Tukilitafsiri neno kwa neno, tutasema kichocheo kimekula sumu, na msomaji ataelewa kwamba kimekufa. Lakini kichocheo hicho hakikufa. Kimezibwa tu, na chaweza kuzibuliwa. Kuzibwa kwa kichocheo ni maelezo ya kweli zaidi. Ukweli huo una uzito wa fedha, maana seli ya methanoli kwa kawaida hutumia miligramu 2 hadi 4 za metali hizo kwa kila sentimeta ya mraba ya elektrodi, kiasi ambacho ni mara nyingi zaidi ya kile cha seli ya haidrojeni. Hakuna mwenye mtambo atakayefurahi kuambiwa kwamba platini yake imekufa, ilhali imezibwa.

Pamoja na hayo iko hali ya kupotea kabisa. Mwaka 2004 watafiti wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walionyesha kwamba rutheni huweza kuyeyuka kidogo kidogo katika anodi, ikapita ndani ya seli na kutua kwenye kathodi, ambako huidhoofisha kazi ya oksijeni. Basi kuzibwa ni jambo moja na kumumunyika ni jingine, na istilahi zisiyachanganye.

4. Kiwambo: ukuta unaopitisha

Seli za methanoli za miaka ya 1960 zilikuwa na asidi ya sulfuriki ya kimiminiko, aina ile ile itumikayo katika betri za magari. Asidi hiyo hula vyombo, huvuja, tena methanoli hujiyeyushia humo na kuzurura itakako. Ukombozi ulitoka katika kazi nyingine. Mwaka 1955 Thomas Grubb wa kampuni ya General Electric, Marekani, alipendekeza kutumia kipande chembamba cha polima kiwezacho kupitisha ioni badala ya asidi ya kimiminiko. Na mwaka 1958 mwenzake Leonard Niedrach alipata njia ya kuigandisha platini juu yake. Seli za namna hiyo zilisafiri angani katika chombo cha Gemini 5 mwezi wa Agosti 1965, zikitumia haidrojeni. Mnamo miaka ya 1960 hiyo hiyo Walther Grot wa kampuni ya DuPont alitengeneza polima imara zaidi iliyopewa jina la Nafion. Uti wake ni kama ule wa Teflon, lakini una matawi yenye asidi ambayo huyavuta maji na kufanya vijia vya kupitishia protoni.

Kijenzi hiki tukiite nini? Wako wasemao chujio. Neno hilo halifai, kwa sababu chujio hutenganisha vitu kwa ukubwa wake, vikubwa vikabaki na vidogo vikapita. Kazi ya hapa haitegemei ukubwa peke yake. Wako wasemao utando. Utando ni kitu kinachojitanda chenyewe juu ya kingine, kama utando wa maziwa au wa buibui. Sisi tunapendelea kiwambo, kutokana na kuwamba: ngozi iliyowambwa kwenye ngoma hutenga ndani na nje, tena mlio hupita kwayo. Kiwambo cha seli kimewambwa kati ya anodi na kathodi. Huzuia fueli isikutane na oksijeni, huzuia elektroni, na huruhusu protoni. Jina hilo lamwambia fundi mambo mawili anayopaswa kuyajua: kwamba kitu hiki ni kizuizi, na kwamba ni njia.

5. Kuvuka na kuvuja

Katika miaka ya 1990 maabara ya Jet Propulsion Laboratory ya California, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Southern California alikokuwa George Olah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1994, iliunda seli ambayo anodi yake ililishwa methanoli iliyochanganywa na maji tu, bila ya asidi, pamoja na kiwambo cha Nafion. Hataza ya kazi hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1997. Hapo kosa la kijenzi kimoja lilipopunguzwa, la kingine lilidhihirika.

Methanoli yafanana mno na maji. Vijia vilevile vinavyohitaji maji ili kupitisha protoni huipitisha methanoli pia. Ikifika upande wa pili huungua kwenye kathodi bila kutoa umeme wa kutumika, na hasara huwa mbili: fueli imepotea, na volti ya kathodi imeshuka. Mtu asiyejua hudhani kwamba methanoli nzito zaidi italeta nguvu zaidi, kama vile kuni nyingi zaidi huleta moto mkubwa. Kumbe kinyume chake: kadiri mchanganyiko unavyokuwa mzito ndivyo methanoli inavyopita kwa wingi. Ndiyo sababu seli nyingi hulishwa mchanganyiko wa takriban moli 1 kwa lita, yaani gramu 32 za methanoli katika lita nzima.

Hapa ndipo herufi moja ilipo na uzito. Baadhi ya wafasiri huweza kuandika kwamba methanoli inavuja katika kiwambo. Neno linalopaswa kutumika ni kuvuka. Kinachovuja hupitia ufa au tundu; kinachovuka hupita mahali palipo pazima. Tuseme fundi anautunza mtambo unaolisha mnara wa mawasiliano ulio mbali na nyaya za umeme. Kitabu chake kinamwambia kwamba fueli inapopungua haraka kuna uvujaji katika kiwambo. Kwa kuwa amelelewa katika hekima isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta, ataifungua seli, atautafuta ufa, na asipouona atakibadilisha kiwambo kizima. Mtambo ukiwashwa tena, hali itakuwa ile ile, maana hapakuwa na ufa wa kuziba. Lililohitajika lilikuwa kupima uzito wa mchanganyiko na kuupunguza.

Tena mambo haya mawili yana tabia tofauti, na tofauti hiyo ni kipimo kizuri kwa fundi. Uvujaji haujali kama taa inawaka au imezimwa. Uvukaji hupungua kadiri mkondo unavyoongezeka, kwa kuwa anodi huila methanoli kabla haijafika kwenye kiwambo. Nao huwa mkubwa zaidi seli ikiwa imejaa fueli na haifanyi kazi yoyote. Istilahi sahihi, basi, hubeba ndani yake njia ya kuutambua ugonjwa.

Wasanifu walijaribu kupambana na uvukaji kwa kiwambo kinene. Kiwambo kiitwacho Nafion 117 kina unene wa karibu mikrometa 180, na Nafion 112 karibu mikrometa 50. Kinene hupunguza uvukaji, lakini huongeza ukinzani kwa protoni, na volti hupotea. Chembamba hupunguza ukinzani na kuongeza uvukaji. Hapana unene ulio bora kwa kila hali. Seli ya mkondo mdogo itafaidika na kiwambo kinene, na ya mkondo mkubwa huweza kustahimili chembamba.

6. Mifereji, matabaka na maji yaliyozidi

Vijenzi vilivyosalia vyaonekana vinyonge, lakini utendaji wa seli huvitegemea sana. Nyuma ya kila elektrodi kuna tabaka la karatasi au kitambaa cha kaboni, ambalo tunaliita tabaka la usambazaji, kwa kuwa husambaza fueli au hewa juu ya uso wote wa kichocheo na kuikusanya elektroni. Nyuma yake kuna bamba lililochongwa mifereji. Upande wa anodi, mifereji hiyo huleta kimiminiko na wakati uo huo yapaswa kuondoa mapovu ya kabonidioksidi. Mifereji ikipangwa sambamba, povu likiziba mmoja, kimiminiko hupita katika mingine na ule uliozibwa husahauliwa. Ukitumiwa mfereji mmoja wenye kupinda-pinda kama nyoka, povu halina pa kukwepea, husukumwa mpaka nje. Lakini pampu hulazimika kutumia nguvu zaidi, na nguvu hiyo hutolewa katika umeme ule ule uliozalishwa.

Upande wa kathodi adui ni maji. Kila protoni ipitayo katika Nafion iliyolowa huburuta takriban molekuli 2.5 hadi 3 za maji. Kwa protoni sita hizo ni molekuli 15 hadi 18 kwa kila molekuli ya methanoli, ilhali anodi ilihitaji moja tu. Maji hayo yasipoondolewa kathodi hugharikishwa na hewa hukosa njia. Kwa hiyo karatasi ya kaboni ya upande huo hutiwa Teflon ili isilowe, na juu yake huweza kupakwa tabaka la vinyweleo vidogo sana, ambalo huyasukuma maji kurudi upande wa anodi. Tabaka hili jembamba limewezesha jambo kubwa: maji yakirudi yenyewe, tangi laweza kubeba methanoli nzito, wala hapahitajiki kubeba maji ya kuzimulia.

7. Majaribio ya soko

Mwezi wa Oktoba 2009 kampuni ya Toshiba iliuza nchini Japani chombo kidogo kiitwacho Dynario, cha kuchajia simu kwa methanoli nzito. Vilitolewa vyombo 3,000 tu. Wakati huo betri za lithi, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, zilikuwa zimeendelea mno, na seli ya methanoli haikupata nafasi mfukoni. Ilipata nafasi mahali pengine: kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa jina la Smart Fuel Cell iliuza mitambo yake kwa wenye magari ya kulala safarini, na kwa vituo vya upimaji na ulinzi vilivyo mbali na gridi, ambako jambo la maana ni kukaa muda mrefu bila ya kutembelewa na mtu.

Msomaji atofautishe seli hizi na mitambo mingine ambayo huivunja kwanza methanoli ikawa haidrojeni, kisha haidrojeni hiyo ndiyo hulishwa katika seli. Katika mitambo hiyo methanoli haifiki kwenye kiwambo, na maonyo yote ya kuvuka hayahusiki. Kwa hiyo maneno ya moja kwa moja katika jina la seli ya methanoli ya moja kwa moja si mapambo, wala mfasiri asiyaache kwa ajili ya kufupisha.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika muda wa zaidi ya karne moja na nusu lawama ilihama kutoka kijenzi hadi kijenzi: kwanza mahali pa kukutania gesi, kimiminiko na metali, kisha kichocheo, kisha kiwambo, kisha mifereji na matabaka. Kila kimoja kilipotengenezwa, kasoro ya jirani yake ilijitokeza. Kwa sababu hiyo jina la kijenzi haliwezi kutungwa kwa kuangalia umbo la neno la kigeni peke yake. Hapana budi kuuliza kijenzi hicho kinafanya nini, na kinashindwa vipi.

Twapendekeza kwa wafasiri na walimu kanuni moja nyepesi. Kabla ya kuidhinisha istilahi ya kasoro fulani, tumwazie fundi aliye peke yake porini, mwenye kitabu chetu mkononi na mtambo uliozimika mbele yake. Neno tulilomchagulia litampeleka mkono wake wapi? Tukiandika kuvuja, mkono utakwenda kwenye kiwambo. Tukiandika kuvuka, utakwenda kwenye tangi.